Hisabati Iliyopimwa kwa Jembe

Mwanangu aliniambia habari ile akiwa ameinama anavua viatu vyenye tope, kwa hiyo uso wake sikuuona. Alisema, "Mama, nimechaguliwa hisabati ya nyongeza." Mimi nilikuwa nachambua maharage. Kusikia neno hisabati, nikajikuta nimetupa punje nzima kwenye takataka na mawe nimeyaacha kwenye ungo.

"Nyongeza ya nini?" nikamuuliza. "Hiyo ya kawaida imewapungukia?"

Akacheka, akanieleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha tatu, shule ya kata hapahapa Sumbawanga mjini. Hisabati ya kawaida kila mtoto anaisoma, atake asitake. Hii ya nyongeza ni ngumu zaidi, wanachukuliwa wachache, wanabaki mchana wenzao wakienda nyumbani, na kidato cha nne ina mtihani wake peke yake. Mwalimu alitaja majina mbele ya darasa. Halafu akasema kila mzazi aende mwenyewe akatamke ndiyo au hapana, mwisho Jumatatu ya wiki inayofuata. Mzazi asiyefika, mtoto wake anabaki kwenye ya kawaida.

Sasa mimi kuulizwa mambo ya hisabati ni kama kuku kuulizwa anamwonaje mwewe. Jibu ninalo, ila si la kitaalamu.

Niseme mapema kwamba nina wahalifu wangu wawili. Ninawataja hapa bila kuficha, isipokuwa majina tu, maana wote wawili bado tunakutana misibani na sitaki kunyimwa chai.

Wa kwanza ni mwalimu wetu wa hisabati wa darasa la tano. Mtu mrefu, msafi, mwenye baiskeli iliyong'aa kuliko maisha yetu sote. Huyu alikuwa anatupanga kwa alama. Waliopata nyingi walikaa karibu na mlango, wanaofuata wakafuata, na wa mwisho kabisa walikaa dirishani upande wa barabara. Pale dirishani alipaita stendi. Akiingia asubuhi anatuuliza sisi wa dirishani, "Abiria, leo mnasubiri gari la wapi?" Darasa linacheka, na sisi tunatakiwa tucheke pia. Ukichelewa kucheka unapigwa kwa kununa, ukicheka sana unapigwa kwa dharau. Kiasi sahihi cha kucheka sikuwahi kukipata, na hiyo nayo naihesabu kuwa ni hisabati aliyoshindwa kunifundisha. Nilikaa stendi mwaka mzima. Magari ya Tunduma nilikuwa nayajua kwa mlio.

Wa pili ni kaka yangu mkubwa. Wakati ule alikuwa anafanya biashara ya dagaa kule Wampembe, ziwani, na mke wake alikuwa amejifungua. Akaja nyumbani, akamwambia baba, "Huyu si yuko dirishani? Nipeni akanilelee mtoto, shule itamsubiri." Shule haikusubiri. Nilikwenda Wampembe na sare yangu kwenye mfuko, nikarudi miaka imepita, sare inamtosha mdoli. Baba alikubali, naye nilimlaumu, lakini ameshafariki, na marehemu namwachia Mungu. Kaka yupo hai, ana afya njema, na kila Krismasi ananiuliza kwa nini mimi ni mkali.

Kwa hiyo naomba nieleweke. Mimi si mtu niliyeshindwa shule. Ni mtu niliyenusurika.

Jioni hiyo nikamweleza mume wangu. Yeye ni mtoto wa wafugaji, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, na kila jambo la dunia analipitisha kwanza zizini ndipo alielewe. Alifikiri kidogo, akasema, "Mama watoto, ndama ukimfunga plau mapema, anaota nundu pasipotakiwa nundu."

"Mtoto wangu si ndama."

"Ni mfano tu."

"Basi tafuta mfano usiokula majani."

"Ninachosema ni hiki," akasema. "Kwenye ya kawaida anafanya vizuri. Yuko juu, ana raha, analala vizuri. Ya nini kumtoa mahali anapong'aa tukampeleka akatoe jasho? Akianguka huko, atauchukia na ule uwezo alionao."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililoniudhi. Maana mwanzoni nilikuwa nataka aingie darasa gumu. Nilishajiona msibani, niko karibu na yule mwalimu wa baiskeli, namwambia, "Shikamoo mwalimu, yule abiria wako wa stendi, binti yake anasoma hisabati ambayo wewe hukuwahi kuifundisha." Nilikuwa hata nimechagua kitenge. Lakini baadaye, nikimwona mtoto anavyokula kwa utulivu, nilitaka abaki kwenye ya kawaida hadi azeeke. Nikamuuliza mwenyewe, "Wewe unataka nini?"

"Mtakavyosema, mama."

Jibu hilo nilimfundisha mimi, nikaita adabu. Siku hiyo niliona hasara yake.

Nikaenda shuleni kumwona mwalimu kabla ya kuamua. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda polisi. Nikamkuta kijana mdogo, shati limefuliwa likafifia, anakula muhogo kwenye karatasi. Akaficha muhogo, akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni mama wa yule binti uliyemchagua nyongeza. Nina maswali machache."

"Karibu ukae."

"Sikai. Unachapa?"

Akashangaa. "Sichapi, mama."

"Kwa nini?"

"Nikichapa, wao wanasahau maumivu mapema, mimi hesabu zangu zinanipotea siku nzima."

Nikamtazama nione kama ananidanganya. Hakuonekana. Nikakaa.

"Binti yangu ni wa ngapi katika hao uliowachagua?"

Hapo akajikuna shingo. "Niseme kweli, mama?"

"Uongo ninao wa kutosha nyumbani."

"Yuko chini. Katika darasa la kawaida yuko juu, lakini katika hawa wachache yuko chini. Nimemchagua kwa sababu akikosa swali anarudi kuuliza, hata kengele ikishalia. Ila mwanzoni ataburuzwa. Tena muda mrefu."

Hilo neno ataburuzwa nilirudi nalo nyumbani kama mwiba kwenye ndala. Alikuwa muungwana, alinijibu kila kitu, na kila alichojibu kilizidi kunichanganya.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mama yangu kulimiwa na majirani, kule Mpui. Mume wangu akabaki na ng'ombe, mimi na binti tukaenda. Mama yangu ni mzee sasa, lakini bado ana kipande chake cha mlimani ambacho hataki plau ikiguse. Hapo tunalima kama walivyolima bibi zake: unachimba majani na udongo wake, unayakusanya katikati, unayafunika kwa udongo uliopinduliwa, unapata tuta la mviringo kama chungu kilichofudikizwa. Sisi tunaliita ntumba. Juu yake unapanda maharage, majani yanaoza ndani polepole, na mvua za mwaka unaofuata unalisambaza unapanda ulezi. Mume wangu akiona kazi hiyo husema tunazika nyasi ambazo ng'ombe angezishukuru.

Jioni ya Ijumaa tulipofika, kaka yangu alikuwepo, ametangulia, ameshakaa karibu na chungu cha pombe ya ulezi ambayo ilikuwa ya wakulima wa kesho. Mama akampokea binti yangu kwa utani wao. "Karibu mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya babu yako, umekuta ameshaondoka."

Nikaeleza suala la hisabati. Sikupanga kulieleza mbele ya kaka, lakini mama aliniuliza kwa nini nimekonda usoni, na nyumbani kwetu huwezi kumjibu mzazi nusu.

Kaka akadaka. "Hisabati ngumu kwa binti, ya nini? Ya kawaida inatosha kujua chenji."

"Wewe nani kakuuliza?" nikamwambia.

"Natoa ushauri, mdogo wangu. Mimi ni mjomba wa mtoto."

"Ushauri wako nimeshautumia. Umeisha."

Mama akapiga makofi mawili ya kutunyamazisha. Akasema jambo ambalo, nikilikumbuka sasa, nashangaa watu wazima watatu tulikaa tukaona lina maana. Alisema, "Kesho shambani tutamjua."

Inabidi nieleze. Shambani kwa mama kuna mistari miwili. Mstari wa juu ni wa watu wenye mikono, mstari wa chini ni wa watoto, wajawazito na wenye visingizio. Ukiwekwa mstari wa juu, unapewa njia yako kati ya majirani wawili, na mnapanda mlima pamoja, tuta kwa tuta. Zamani, mchumba akiletwa nyumbani, aliwekwa mstari wa juu wakamwangalia. Mama yangu alipimwa hivyo. Mimi nilijipima hivyo mwenyewe, na wakwe zangu, ambao ni watu wa ng'ombe, hawakuelewa kwa nini nilikuja ukweni nikaanza kuchimba. Kwa hiyo mama aliposema mjukuu awekwe mstari wa juu, akishika njia yake basi aingie darasa gumu, akishindwa abaki la kawaida, sisi tuliona ni busara tupu. Kama jembe linaweza kuchagua mke wa mtu, darasa litashindwaje.

Binti akasema, "Sawa, bibi." Tena bila kusita.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, na udongo umelowa vizuri. Majirani walikuja, kila mtu na jembe lake. Mama akampanga mtoto katikati, mimi kushoto kwake, kaka yangu kulia. Sijui kama ilikuwa bahati mbaya au mama alikuwa na lake.

Matuta ya kwanza alikwenda na sisi. Baadaye nikaanza kusikia anapumua. Mtoto wa mjini, mikono yake imezoea kalamu, na jembe la bibi mpini wake mnene. Akabaki nyuma kidogo. Kaka akageuka, "Mpwa wangu, huko nyuma kuna nini kizuri? Tuambie nasi turudi."

"Kuna kivuli chako mjomba, ni kikubwa."

Watu wakacheka, na mimi nikafurahi, lakini furaha haichimbi. Alizidi kubaki. Basi mimi nikafanya haraka upande wangu, nikanyoosha jembe, nikamchimbia tuta lake moja. Mama yangu alikuwa amekaa chini kabisa, macho yake hayaoni mbali, nikajua hataona. Nikamchimbia na la pili. Nilikuwa natoka jasho kama niliyefumaniwa. Niliona akifika juu pamoja na sisi, suala limekwisha, ameingia, mimi nanunua kitenge.

Nilipoinua jembe kwa la tatu, nikasikia sauti ya chini. "Mama, hilo langu."

"Nakusaidia tu, nyamaza."

"Sasa na darasani utakuja?"

Nikajifanya sijasikia, nikapiga jembe. Akaja akasimama juu ya majani yenyewe, miguu yake pale pale ambapo jembe lingetua. "Mama. Liache."

Kaka upande wa pili akaona yote. "Eeh, kumbe hisabati ya nyongeza ni hii. Mama mtu anaongezea."

Hapo alikuwa amepata. Nikarudi kwenye njia yangu. Sisi tukapanda, yeye akabaki. Tulifika juu, tukakaa, mama akapandishwa taratibu, pombe ikaletwa, na bado alikuwa katikati ya mlima peke yake, anachimba, anakusanya, anafunika. Hata mstari wa chini, watoto na wajawazito, walimaliza wakaja kukaa. Jirani mmoja akasema basi mtoto aachwe apumzike. Mama akakataa kwa kichwa.

Akafika. Magoti yana udongo, kiganja kimechubuka. Akapewa togwa yake kwenye kikombe cha plastiki. Kaka akajifuta midomo, akatoa hukumu kama diwani. "Kawaida. Abaki ya kawaida. Hata jembe limesema."

Mama yangu akasema, "Mimi nilikuwa nasubiri kama atalia. Hajalia."

Binti akanywa togwa hadi nusu. Halafu, kwa heshima zote, akiwa amepiga goti mbele ya bibi yake, akasema, "Bibi, samahani. Jembe na hisabati havijuani."

Jirani mmoja akakohoa.

"Kumbe?" mama akasema. "Sasa mbona umelima?"

"Si mliniambia nilime?"

Mama akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega bila sauti, na wengine wakamfuata. Kaka hakucheka. Mimi nikamsogelea mtoto, nikamuuliza tena lile swali, lakini safari hii nikamwambia, "Usiniambie tutakavyosema. Hapa tumeshasema upuuzi wa kutosha."

Akaangalia kikombe. "Naitaka, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Huwa nabaki mchana kusikiliza, mwalimu ameturuhusu kabla hamjajibu. Ametupa jaribio moja." Akakung'uta udongo gotini. "Nimekuwa wa mwisho."

Kaka akashika kiuno. "Wa mwisho, na bado unaitaka?"

"Mjomba, ile ya kawaida namaliza mapema, halafu nakaa naangalia ukuta. Kule sijui kitu." Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ambayo watu wengine huitumia wakizungumzia nyama. "Mwalimu anaandika ubaoni na mimi sijui kabisa anaelekea wapi."

Nataka niandike kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Niliposikia wa mwisho, ulinijia mlio wa gari la Tunduma ambalo halikuwepo. Mtoto wangu nimemlisha, nimemsomesha, anakuja kuniambia anataka kwa hiari yake kwenda kukaa pale ambapo mimi niliwekwa kwa nguvu. Baba yake alikuwa sahihi, mahali anapong'aa pana raha. Nilikuwa na neno hapana tayari kinywani, limeshaiva.

Kaka ndiye aliyeliharibu. Akainua mkono, akaanza, "Mimi naamua hivi..."

"Kaka," nikamkatiza, "wewe ulishaamua mmoja. Huyu si zamu yako."

Majirani wakaangalia chini, maana kila mtu Mpui anajua. Kaka akajimiminia pombe tena kwenye kibuyu chake. Mimi nilitegemea samahani, miaka yote hii naitegemea. Akasema, "Mwaka ule dagaa walikuwa wengi."

Huo ndio utetezi wake wote. Nimeuandika hapa kama alivyousema, sijapunguza.

Ndipo nikamwambia mwanangu, "Jumatatu nakwenda kwa mwalimu."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba unaingia."

Akaniangalia kwa mashaka. "Ila usije ukanilimia huko."

"Huko siwezi hata kushika mpini," nikasema. Ilikuwa kweli.

Jumatatu nikaenda. Mwalimu hakuwa na muhogo siku hiyo. Nikamwambia, "Muweke. Najua ni wa mwisho, ameniambia mwenyewe." Akasema vizuri. Nikamuuliza, "Wa mwisho mnamkalisha wapi?" Akaonekana hajaelewa swali. Akasema wanakaa wanapotaka, yule wangu huwa anakaa mbele kwa sababu anauliza sana. Nikasema ahsante, nikatoka haraka, maana macho yangu yalikuwa yameanza mambo yao na mimi sikumpa ruhusa mtu yeyote pale kuyaona.

Mume wangu nilipomweleza alikubali kwa shingo upande. Alisema tu, "Tutaangalia mabega, kama nundu haijaota."

Wiki chache baadaye binti akarudi jioni na karatasi mkononi. "Nimepata kumi na moja."

"Kati ya ngapi?" baba yake akauliza.

"Mia."

Mume wangu akafunga mdomo, lakini ndama alionekana wazi usoni mwake. Mimi nilikuwa jikoni, nikaja nimeshika mwiko. "Na wa mwisho ni nani?"

"Bado mimi."

Alivuta kigoda, akakunja miguu, akatandaza karatasi mezani. Alisema kuna swali moja alilifanya sahihi karibu lote, akapotea mwishoni, na anataka kujua ni wapi hasa. Akaanza kuandika upya, ananong'ona, anakata, anaanza tena. Hakuwa na huzuni. Nilimkagua kama ninavyokagua mahindi yaliyonyeshewa, nikitafuta mahali palipoanza kuoza, sikupaona.

Nikakaa upande wa pili wa meza. Tangu darasa la tano sikuwahi kukaa karibu na hisabati kwa hiari yangu. Nikamuuliza, "Na hiki kidude kama ng'ombe aliyelala ni nini?"

Akainua kichwa, akafurahi mno, akaanza kunieleza. Nikaelewa mwanzo wa sentensi ya kwanza. Kuanzia hapo nikapotea kabisa, lakini sikuondoka, nikawa naitikia "ehe" mahali palipoonekana panastahili, naye akawa anazidi kueleza, mkono unachora, na mara akaacha katikati ya neno, akainamia karatasi, akasema, "Kumbe ni hapa," akakata mstari mmoja na kuandika mwingine.

Baba yake ndiye aliyesikia harufu ya mboga inaungua.